Sabufa ya gari: uliza waya kwanza

Nilikuwa natoka Tukuyu saa mbili usiku, na pale Isyonje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mstari wa barabara huuoni. Redio ilikuwa inaimba kwa sauti ya kawaida tu. Besi ikipiga, taa za mbele zinafifia, ikikata, zinarudi. Nilizima muziki, nikashuka taratibu mpaka Uyole. Asubuhi yake, kwenye baridi la Julai, IST yangu haikuwaka kabisa. Betri ilikuwa na miezi minne.

Sabufa ile nilikuwa nimeinunua wiki tatu kabla, kwenye duka moja hapa Mbeya mjini: boksi, amplifaya na nyaya zake, vyote kwa shilingi 420,000. "Dada, hii ni wati elfu mbili," muuzaji aliniambia, na mimi nikatoa hela. Fundi aliyeifunga alipoona gari haliwaki akasema betri ni mbovu. Nikanunua nyingine. Nayo baada ya siku chache ikaanza kuamka imekufa.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja wa Nzovwe anayetengeneza umeme wa malori. Hakuigusa spika wala amplifaya. Alifuata waya mwekundu toka kwenye buti kwenda mbele, na kumbe haukuwa umefika kwenye betri. Fundi wangu alikuwa ameudandia kwenye waya unaolisha taa, chini ya dashibodi. Ule mwembamba wa kuiwasha amplifaya ulikuwa umeunganishwa na waya wa njano wa redio, ambao una umeme muda wote hata ufunguo ukitoa. Kwa hiyo amplifaya yangu ilikuwa hailali, inanyonya betri usiku kucha. Mwisho akakata kipande cha ule waya mwekundu kwa koleo. Ganda lilikuwa nene kama kidole cha mtoto, ndani nyuzi chache. Akazikwangua kwa wembe: nje rangi ya shaba, ndani nyeupe.

"Mama, hapa umeuziwa plastiki na alumini," akaniambia.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza wanunue sabufa ipi, mimi naanzia kwenye waya, na nitakaa hapo muda mrefu kidogo kwa sababu hakuna muuzaji atakayekaa hapo kwa niaba yako.

Alumini inapitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya shaba yenye unene uleule. Sasa chukua amplifaya inayotoa wati 500 za kweli. Hata zile za aina ya D, ambazo hazipotezi umeme mwingi, zitavuta kama wati 625. Gari likiwa linaunguruma volti ni kama 13.8; gawanya, unapata ampea 45. Ampea 45 kwenye waya wa alumini wenye milimita nne za mraba, mita tano toka betri mpaka buti, zinapoteza zaidi ya volti moja na nusu njiani. Hiyo volti inageuka joto ndani ya zulia la gari lako. Waya wa shaba wa milimita 16 kwa umbali huohuo unapoteza kama robo ya volti. Sabufa ni ileile, redio ni ileile, lakini mmoja atasikia besi inayosukuma kifua na mwingine atasikia mlio wa boksi linalokoroma.

Muuzaji atakuonyesha namba ya geji, yaani ya unene wa waya, iliyochapwa kwenye plastiki. Usiisome. Mwambie akate ncha, ukwangue nyuzi mwenyewe. Ikitokea nyeupe, rudisha. Mimi waya wangu wa sasa nilinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, waya wa mashine ya kuchomelea, milimita 16, kwa mita. Nao niliukwangua kabla ya kulipa, kwa sababu siku hizi hata huo unatengenezwa kwa alumini. Una nyuzi nyembamba nyingi sana, unapinda vizuri kwenye kona za gari, na hauna mapambo.

Baada ya waya, ndiyo tuongee spika. Kwangu ya kwanza ni Pioneer, na sijifichi. Kaka yangu ana Pioneer ya inchi 12 kwenye Noah yake tangu 2016; imekula vumbi la Chunya na mvua za Kyela, bado inapiga. Ninayoipendekeza ni TS-A300D4, ya inchi 12 pia. Boksi lake limeandikwa wati 1500 za juu kabisa, na pia 500 za kawaida, yaani za kupiga muda wote. Hiyo 500 ndiyo ya kununulia amplifaya. Napenda kampuni inayoandika namba zote mbili mahali unapoziona, maana zile "wati elfu mbili" zangu hazikuwa na namba ya pili popote.

Herufi D na namba 4 mwishoni zina maana: ina koili mbili, kila moja omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ukiziunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 2. Ukizifuatanisha, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata omu 8 na sauti inapungua sana. Kwa hiyo inataka amplifaya ya mono, yaani ya chaneli moja, inayovumilia omu 2. Ukiwa na ile ya chaneli mbili ambayo mafundi wengi hapa wanaiunganisha kuwa moja, mara nyingi haivumilii chini ya omu 4. Itachemka na kujizima, na utaambiwa spika ni feki. Boksi chonga kwa MDF (ubao wa unga wa mbao) ya milimita 18, lililofungwa pande zote, na umpe seremala ile karatasi ya vipimo inayokuja na spika. Usimwachie akadirie kwa macho.

Ya pili kwangu ni Pioneer vilevile, TS-WX130DA, ile bapa inayokaa chini ya kiti na ina amplifaya yake ndani. Wati 50 za kawaida, 160 za juu. Haitatikisa vioo. Lakini kama una Vitz au Passo na buti ni la ndizi za Tukuyu na magunia ya viazi, hii ndiyo yako, na kwa kuwa inavuta umeme kidogo, hata makosa ya waya hayakuadhibu sana.

Ya tatu ni JBL BassPro SL, nayo ya chini ya kiti, inchi 8, wati 125 za RMS, yaani zile za kawaida. Ina nguvu kuliko ile bapa ya Pioneer, nakubali. Kama unaipata halisi na kiti chako kina nafasi, ichukue.

Seti za bei rahisi, za boksi lenye taa za rangi: usinunue. Hela ikiwa haitoshi, subiri.

Kwenye kufunga, simama hapo hapo mpaka fundi amalize. Waya mkubwa utoke kwenye betri yenyewe, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 toka kwenye betri, kwa sababu fyuzi inalinda waya usiwashe gari moto ukichubuka kwenye bodi. Ikae mbele, siyo kule nyuma kwenye amplifaya ambako wanapenda kuiweka ionekane. Kwa wati 500, ampea 60 inatosha. Waya wa chini, yaani wa hasi, uwe mnene kama ule mwekundu na mfupi, ufungwe kwa bolti kwenye chuma cha bodi kilichopigwa msasa mpaka king'ae. Rangi ya gari haipitishi umeme, na nimeona waya umefungwa juu ya rangi. Ule mwembamba wa kuwasha uende kwenye waya wa bluu wenye mstari mweupe nyuma ya redio. Redio ikizimwa, amplifaya inalala. Kisha amplifaya iwekwe ipitishe sauti za chini ya hezi 80 tu.

Kinachoniuma bado ni bei. Kila nikiuliza waya wa shaba kwenye maduka ya redio naambiwa ni nauli ya kutoka Dar. Roli la waya ni mzigo wa kilo chache kwenye basi, na huo wa alumini umepanda basi lilelile, mbona hausemewi nauli? Mwezi uliopita nilimwomba muuzaji mmoja anikatie ncha nikwangue kabla ya kulipa. Akasema waya ukikatwa haurudi kwenye rafu. Nikamwambia nitalipia hiyo sentimita moja. Akakunja roli, akalirudisha juu ya kabati, akaanza kumhudumia kijana aliyekuwa nyuma yangu na hela zake mkononi. Kijana nilimsubiri nje, nikampa wembe.