Meza ya watu sita, kisha aiskrimu

Tuko sita, na kwa miaka mitatu sasa tunakula nje pamoja mara moja kwa mwezi. Zamu inazunguka: mwenye zamu anachagua pa kwenda, wengine wanafuata midomo wameifunga. Kunung'unika kunaruhusiwa chakula kikishafika mezani, si kabla. Mwezi huu zamu ilikuwa yangu, na kwa vile lawama nimeshazibeba zote, acha niandike na mwingine afaidike.

Mgahawa niliouchagua nilikuwa naujua. Nimekula pale mara mbili, zote tukiwa wawili tu, na zote nilitoka nasifu. Mkate ulikuja wa moto, nyama ilikatika kwa uma, mhudumu alitokea kabla sijaanza kumtafuta kwa macho. Safari hii nikapiga simu siku tatu mapema: watu sita, saa moja jioni, mmoja wetu karanga zinamdhuru. "Hakuna shida dada, karibuni sana."

Tulipofika, meza yetu ilikuwa meza mbili zilizosogezwa zikagusana, moja imeizidi nyenzake kimo kwa unene wa kidole. Mahali zilipokutana pakaangukia mbele yangu. Jioni nzima nilikula sahani imeinama, na kila nilipokata nyama mchuzi ulitiririka upande wa mwalimu. (Anafundisha darasa la kwanza, ameshazoea kumwagiwa vitu.) Tena menyu zililetwa mbili kwa watu sita, tukawa tunasomeana kwa sauti kama tuko kwenye mkutano. Hapo nikaanza kuhisi kwamba yule aliyepokea simu yangu alihesabu viti tu.

Sasa nitoe sifa panapostahili, kwa sababu mhudumu wetu alikuwa kijana mzuri na sitaki aonekane yeye ndiye tatizo. Muuguzi, ambaye ndiye mwenye shida ya karanga, alimuuliza kuhusu kuku wa mchuzi. Wahudumu wengi hujibu hapo hapo, "haina karanga hiyo, kula tu." Huyu alisema, "Ngoja nikaulize jikoni, sitaki kukisia." Akaenda, akarudi na jibu kamili: mchuzi unatiwa siagi ya karanga ili uwe mzito, aachane nao, lakini samaki wa kuchoma anaweza kula na watamchomea kwenye kikaango kilichooshwa upya. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa mtu mwenye mzio, kijiko kimoja kilichotoka sufuria nyingine kinatosha kumpeleka hospitali. Ukiona mhudumu anakujibu swali la namna hiyo bila kwenda jikoni, agiza kitu kingine.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda mrama.

Sahani ya kwanza, samaki wa muuguzi, ilifika baada ya dakika ishirini. Vizuri. Ya pili ikaja dakika tano baadaye. Halafu kimya. Kwa adabu wale wawili wakawa hawali, wanatusubiri, huku tunawaambia "kuleni jamani, kitapoa," nao wanasema "hapana, tunawangoja." Ya tatu na ya nne zikafuata. Mimi na fundi umeme tulipata vyetu dakika ya hamsini, wa kwanza walipokuwa wanachokoa meno.

Niliwahi kufanya kazi kwenye jiko la hoteli kwa miezi minane, upande wa saladi, kwa hiyo ninajua kinachotokea nyuma ya mlango ule. Jiko limegawanywa: mmoja yuko kwenye moto wa kuchomea, mmoja kwenye kikaango, mmoja kwenye tanuri, mmoja kwenye vyakula baridi. Mpangilio huo unahusishwa sana na Mfaransa Auguste Escoffier, na hoteli nyingi hadi leo zinaufuata kwa namna moja au nyingine. Ubora wake ni kwamba kila mtu anafanya kazi moja na kuifanya haraka. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayeiona meza nzima. Ndiyo maana lazima awepo mtu mmoja mbele, anayeshika karatasi za oda na kupiga kelele: nyama ya meza ya saba ianze sasa, saladi ya meza ya saba isubiri. Nyama nene inataka dakika ishirini na zaidi, saladi inataka tatu. Asipokuwepo wa kuzioanisha, kila mmoja anatoa chake kinapoiva. Kwa meza ya wawili hata hutagundua. Kwa sita unakaa unatazama wenzako wakila.

Ushahidi niliupata kwenye sahani yangu mwenyewe. Sahani ilikuwa ya moto hata mhudumu akanionya nisiiguse, lakini nyama ilikuwa vuguvugu na mchuzi umeshafanya utando juu, ule ukigusa kwa kisu unakunjamana kama ngozi ya maziwa. Majani ya saladi pembeni yamenyong'onyea. Chakula hicho hakikucheleweshwa kupikwa. Kilipikwa, kikawekwa chini ya taa ya kupashia, kikasahauliwa pale kikimsubiri mwenzake. Chipsi ndizo zilizoniuma zaidi, maana chipsi hazina subira: mvuke wake wenyewe unazilainisha kwa dakika chache tu. Ladha ya mgahawa ninaoujua ilikuwemo, ila ilikuwa kama kuangalia picha yake.

Tena hatukusikilizana. Ukumbi wao ni mzuri wa kupigia picha: sakafu ya vigae, ukuta mmoja wa vioo, meza hazina vitambaa, dari tupu. Hakuna hata kitu kimoja cha kunyonya sauti. Mwaka 1911 daktari Mfaransa aitwaye Étienne Lombard alichapisha maelezo ya jambo ambalo kila mla mgahawani analijua bila kulijua jina: mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kukusudia. Meza ya jirani inapaza, nanyi mnapaza ili msikike, nao wanapaza juu yenu, na muziki unaongezwa ili usipotee. Kufika saa mbili na nusu mwalimu alikuwa anatumia sauti yake ya uwanjani kuniomba chumvi. Ukiwa na kundi, omba kona, na ukiweza kaa mgongo ukutani. Mimi niliomba, nikaambiwa kona ni za watu wawili wawili.

Bili. Hapa ndipo urafiki unapopimwa, na sisi tuliumaliza ugomvi huu zamani: kila mtu analipa alichoagiza, na vilivyowekwa katikati tunachanga sawa. Mwanzoni tulikuwa tunagawa jumla kwa sita, mpaka tukaona kwamba kila mwezi mtu fulani (hatajwi, naye anajijua) anaagiza kitu cha juu kabisa kwenye menyu. Kumbe si tabia yake peke yake. Utafiti wa Uri Gneezy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba watu wakijua bili itagawanywa sawa huagiza zaidi kuliko kila mmoja anapolipa chake. Ukiongeza kitu, gharama yake inatawanyika kwa wote, raha inabaki kwako. Mhasibu wetu alifurahi kuliko kawaida siku alipousoma.

Mgahawa ulikataa kutugawia bili, mashine yao haiwezi. Sawa. Mhasibu akatoa kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya kufutia mikono. Kila alivyojumlisha ilizidi. Akarudia. Akaanza kututazama mmoja mmoja kama polisi. Mwisho tukagundua tumeandikiwa sahani mbili za chipsi tusizoziona, labda za meza ya jirani. Wakaziondoa bila ubishi, lakini neno "samahani" halikupita. Kwa hiyo kama mko wengi, someni bili mstari kwa mstari kabla ya mtu wa kwanza kutoa hela. Mkishaanza kuchanga, kila mtu anadhani mwenzake ameshaikagua.

Kitindamlo hatukuagiza pale, na hatuagizagi popote tulipokula. Hiyo ndiyo sheria yetu ya pili na ninaitetea kwa nguvu zote. Jiko la mgahawa wa nyama mara nyingi linanunua keki iliyoshagandishwa na kuiyeyusha. Halafu ukiinuka ukatembea dakika kumi, chakula kinashuka, watu wanabadilishana majirani, na aliyekuwa kimya mezani anaanza kuongea. Mambo mengi mazito ya marafiki zangu nimeyasikia njiani kati ya mgahawa na aiskrimu.

Duka lenyewe ni dogo, viti vinane tu, na mlangoni tayari nikajua tumepona. Nitaeleza kwa nini, maana hizi ni alama za kuangalia popote. Kwanza, gelato yao (aiskrimu ya Kiitaliano) haikuonekana: imo ndani ya ndoo za chuma zenye vifuniko. Vile vilima virefu vilivyopambwa vinavyopanda juu ya ukingo wa chombo vinavutia macho, lakini sehemu ya juu inakuwa mbali na baridi, na ili isiporomoke mara nyingi inatiwa vitu vya kuishikilia na mafuta ya mimea. Pili, rangi. Ya pistachio ilikuwa kijani kilichofifia kinachokaribia kahawia, kama nguo ya jeshi iliyofuliwa sana. Hiyo ndiyo rangi ya kokwa zenyewe zikisagwa. Ile ya kijani cha kung'aa imetiwa rangi. Ya ndizi vilevile: ikiwa ya manjano kali, jiulize, kwa sababu ndizi ikimenywa na kupondwa inaelekea kijivu.

Dada wa kaunta alitupa vijiko vya kuonja bila kukunja uso, na sisi sita tulionja kwa fujo. Fundi umeme akauliza kwa nini hii inanata ulimini wakati aiskrimu ya ndoo anayonunua nyumbani inayeyuka kama povu. Dada akamweleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza: aiskrimu ya kiwandani inaweza kupigwa hewa mpaka lita moja ya mchanganyiko ikatoa lita mbili, kwa hiyo nusu ya unachobeba ni hewa. Gelato inakorogwa polepole, hewa inaingia kidogo, na kwa kawaida ina maziwa mengi kuliko krimu, hivyo mafuta ni machache. Tena inapakuliwa ikiwa na baridi pungufu kidogo, ndiyo maana ladha inakuja haraka. Baridi kali inaufanya ulimi uzubae. Onja aiskrimu iliyoyeyuka kabisa uone ilivyo na sukari ya kutisha, wakati ikiwa imeganda ulikuwa unaiona ya kawaida.

Mwalimu aliagiza keki ya chokoleti yenye uji wa moto katikati. Mpishi Mfaransa Michel Bras ndiye aliyeitoa mwaka 1981, na yake aliijengea kiini cha chokoleti kilichogandishwa, kikawekwa ndani ya unga na kuyeyukia tanurini. Wengi leo wanafanya njia ya mkato: keki ya kawaida wanaitoa kabla haijaiva katikati. Njia hiyo inafaa, ila dakika moja ya kuzubaa inakuachia keki kavu. Tuliambiwa tungoje dakika kumi na nne, inaokwa upya. Tukangoja, tukasogeza viti, tukaizunguka. Mwalimu akazamisha kijiko. Hakuna kilichotoka. Kilikuwa kisima kikavu.

Kabla hata mmoja wetu hajafungua mdomo, dada alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta. Alikuwa anatutazama kwa mbali akingoja kijiko kiingie. "Hiyo imezidi, nipeni," akasema, akaichukua. Akatuletea vikombe vidogo sita vya aiskrimu ya kahawa tuendelee kushughulikia midomo. Ya pili ilipokuja, mwalimu aligusa tu, uji ukatoka taratibu, mweusi, unang'aa, ukaenda ukaizunguka aiskrimu ya vanila pembeni mpaka ikaanza kuelea. Meza yote ilinyamaza. Hatukulipia chochote cha ziada.

Lawama ndogo kwa duka: ya embe ilikuwa na chembe za barafu, dalili kwamba iliwahi kulainika ikagandishwa tena. Na choo kiko ghorofa ya juu, ngazi ni nyembamba, kwa aliye na mzazi anayeumwa magoti hapafai.

Mgahawa ninaupa nyota tatu kwa tano. Nitarudi, lakini tukiwa wawili. Tukirudi sita nitaagiza vyakula vinavyopikwa kwa pamoja, au sahani kubwa za kuweka katikati, ili jiko lisipate nafasi ya kututenganisha. Duka nalipa nyota nne na nusu, na nusu iliyobaki wataipata wakitengeneza embe. Nendeni kabla ya saa tatu usiku, pistachio huwa inawahi kuisha, na kiti cha kona karibu na dirisha msikikalie, kina mguu mmoja mfupi.