Miezi minne na kifaa cha kumsomea wakala wangu kurasa za maduka

Karakana yetu ya laptopu iko Kariakoo, na vipuri vingi tunaagiza nje. Zamani kila asubuhi nilikuwa nafungua maduka tisa ya mtandaoni, naandika bei kwenye daftari, chai inapoa. Mwaka jana kazi hiyo nikamtwisha wakala wa akili mnemba, na wiki ya kwanza tu nikagundua ananitungia bei. Alikuwa anavuta ukurasa mbichi, na kwa maduka mengi ya siku hizi ukurasa mbichi ni ganda tupu. Bei inaingia baadaye, JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari, ikishafanya kazi yake. Akikuta ganda, hasemi hajaona. Anajaza.

Ndipo nikajiunga na kifaa hiki, ambacho ni huduma ya mtandaoni. Jina lake silitaji, maana nina lawama nacho na sitaki ionekane ni ugomvi. Unampa wakala anwani ya bidhaa, kifaa kinafungua kivinjari kisichoonekana kwenye seva yao, kinasubiri ukurasa utulie, kinakwangua menyu, matangazo na lile dirisha sumbufu la kuki, kisha kinarudisha maandishi safi. Pembeni kinatoa data ambayo maduka huificha ndani ya ukurasa kwa mpangilio wa schema.org ili Google iisome: bei, sarafu, mzigo upo au umeisha. Hapo ndipo kiliponiteka. Ukurasa mmoja wa skrini uliokuwa unakula tokeni (vipande vya maandishi anavyosoma wakala) kama laki moja ukivutwa mzima, kikishaukwangua unabaki na elfu tatu hivi.

Kukiunganisha hakuna kazi. Kinatumia MCP, itifaki ya kuunganisha wakala na vifaa vya nje ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, kwa hiyo niliongeza mistari michache kwenye faili la mipangilio, basi.

Sasa kisa cha betri. ThinkPad T480 ina betri mbili: ya ndani ya 24Wh (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), na ya nyuma inayochomoka. Hiyo ya nyuma ina saizi tatu, kuanzia 24Wh iliyo bapa hadi 72Wh, ile nene inayoinua laptopu kama imewekewa kipande cha tofali chini. Mteja alitaka nene. Wakala akaniletea duka moja la nje, bei ya kutupa. Nikampigia mteja, tukakubaliana, akatanguliza nusu. Usiku naingia kulipa, nabofya 72Wh, bei inaruka karibu mara mbili mbele ya macho yangu. Kumbe kichwa cha bidhaa kilitaja saizi zote tatu, na kifaa kilisoma ile bei inayotokea ukurasa ukifunguka, ambayo ni ya saizi ndogo. Wakala akaoanisha 72Wh na bei ya 24Wh, akaniandikia kwa kujiamini kabisa. Tofauti niliimeza mwenyewe, neno nilishalitoa.

Dawa ipo, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Duka likiwa limejengwa kwa Shopify, mara nyingi ukiongeza .json mwishoni mwa anwani ya bidhaa unapata kila saizi na bei yake, mstari kwa mstari. Kifaa kinaweza kufanya hivyo chenyewe, ila sehemu hiyo imezimwa tangu mwanzo na maelezo yake yamezikwa chini kabisa ya mwongozo. Nani anasoma bei za duka bila kutaka kujua saizi?

Kuna na hili la nchi. Seva iliyokuwa inanisomea ilikuwa Ujerumani, kwa hiyo maduka ya huko yaliiona kama mnunuzi wa nyumbani na kuonyesha bei yenye VAT ya 19%. Mimi mzigo unakuja Dar, na duka lenye utaratibu wa kuuza nje ya Ulaya huniondolea kodi hiyo. Kwa muda nikawa nayaruka maduka yaliyokuwa nafuu kweli. Sasa nataja nchi kila ninapotuma ombi.

Maduka mengine yanakifungia mlango, jibu ni 403 tu, yaani hairuhusiwi kuingia. Hayo nayafungua kwa mkono kama zamani, sina ugomvi nayo.

Na mnaotaka kumpa wakala kadi ya benki, msimpe. Kinachorudi ni maandishi ya ukurasa pamoja na maoni ya wanunuzi, na yeyote anaweza kupenyeza humo sentensi ya kumwamrisha wakala wako. Wangu anasoma tu. Kulipa nalipa mimi.

Mwezi huu nimelipia tena. Kwenye jedwali la asubuhi nimeongeza safu ya Wh, na kijana wangu wa dukani akiikuta tupu, anafungua ukurasa mwenyewe kabla sijamjibu mteja.