Sindano za kufumia za skrubu: kiungo cha sindano na waya kimenitesa wiki tatu, leo nawaonyesha kila kitu

Mmeisikia hiyo sauti? Ngoja niilete karibu na simu. Sikilizeni tena. Tk. Haya, nyingine hiyo. Tk. Hicho ni kitanzi cha uzi kinakwama pale sindano inapoungana na waya. Wiki tatu nzima nimekaa na sauti hiyo, nikiwa na oda za kofia kumi na moja mezani, na leo lazima tuiongelee.

Karibuni, wafumaji wenzangu. Kwa wageni, niko hapa Mbeya, nafuma kofia za baridi, mikanda ya kichwa, skafu na soksi za watoto, nauza kwa WhatsApp na Instagram. Mwezi wa sita na wa saba huku mnaujua wenyewe, asubuhi ukitoa mkono nje ya blanketi unaurudisha. Kwa hiyo huu ndio msimu wangu, na ndiyo maana sindano ikinichelewesha naumia kweli.

Hii hapa ndiyo seti. Nimeiagiza mtandaoni, imenifikia kwa shilingi 48,000 pamoja na usafiri. Jina la muuzaji mniruhusu nisilitaje. Mkoba wake huu, zipu nzuri. Ndani jozi kumi na tatu, nyembamba kabisa 2.75, nene kabisa milimita 10. Nyaya nne, vifuniko, vifunguo vidogo hivi kama pini. Rangi mnaziona. Siwachoshi na hayo, kila anayeuza seti ya hivi atakuandikia hayohayo.

Twende kwenye kiungo. Angalieni karibu, nimeweka taa ya pembeni. Hii ni sindano, kitako chake kina tundu lenye skrubu ndani. Huu ni waya, mwisho wake una kipande cha chuma chenye skrubu. Unaingiza, unazungusha, zinakuwa kitu kimoja. Uzuri wake ni kwamba waya mmoja unavaa sindano yoyote. Ubaya wake, haya, napitisha ukucha kutoka kwenye waya kwenda kwenye sindano. Umeona ulivyogota? Pale pana ukingo. Mdogo, macho hayaoni vizuri, ila ukucha unaujua, na uzi unaujua zaidi ya ukucha.

Sasa tufanye hesabu, maana wengine mtasema dada unalalamika kwa kitu kidogo. Kofia yangu ya mtu mzima inaanza na vitanzi 88. Kwa nini 88? Kwa sababu sehemu ya chini ya kofia naifuma vitanzi viwili vya wima, viwili vya kinyume, narudia hivyo, kwa hiyo namba lazima igawanyike kwa nne, na kwa uzi huu na sindano ya milimita 5 napata vitanzi 18 kwenye sentimita 10. Hapo kofia inatoka kama sentimita 49, ukiivaa inavutika, inashika kichwa cha sentimita 55 bila kubana. Mpaka juu ni mizunguko 52. Nimehesabu jana usiku nikiwa na kalamu: kila mzunguko uzi ulikwama mara nane. Mara nane kwa mizunguko 52 ni mara 416. Kila nikikwama nasimama, nasukuma kwa kidole gumba, sekunde kumi hivi zinaondoka. Piga hesabu: sekunde 4,160. Saa moja na dakika tisa! Kwenye kofia moja. Kofia yenyewe nilikuwa naimaliza kwa saa tano na sindano zangu za zamani, na naiuza 18,000. Hiyo saa hakuna mteja anayenilipa.

Tena muda si kitu peke yake. Huu ni uzi wa akriliki, umesokotwa kwa nyuzi nne. Ukikwama, uzi mmoja kati ya hizo nne unachomoka. Tazameni hapa, kofia ya krimu, kuna manyoya yamesimama. Mteja akiiona atasema imeshavaliwa. Hii siwezi kuituma, nitaivaa mimi.

Subirini, kabla sijaendelea. Kuna mtu ataandika hapo chini: si utumie zile sindano ndefu mbili tu, za kawaida? Dada yangu, kaka yangu, zile unafuma kitambaa bapa halafu unashona ubavuni. Kofia inakuwa na mshono nyuma. Kwa skafu hazina tatizo, na ndizo mama alizonifundishia. Ila kofia isiyo na mshono wateja wanaipenda zaidi, na kichwa cha mtoto mchanga hakikwaruzwi.

Na kwa kuwa nimetaja sindano za mama, hili la namba liingie hapahapa kwa sababu nimeulizwa mara nyingi mno. Sindano za mama zimeandikwa 8. Hiyo ni namba ya zamani ya Kiingereza, ni milimita 4. Maelekezo mengi ya mtandaoni ni ya Marekani, na 8 ya Marekani ni milimita 5. Kwa Waingereza wa zamani namba ikipanda sindano inakonda, kwa Wamarekani namba ikipanda sindano inanenepa. Mimi niliharibu oda ya kofia tatu za mapacha watatu kwa kufuata maelekezo ya Kiingereza cha zamani nikidhani ni ya Marekani, zikatoka zinawafunika mpaka puani. Fuateni milimita tu. Hii seti, nakiri, imeandikwa milimita kwenye kila sindano, na maandishi hayajafutika.

Turudi. Nyaya. Kwenye mkoba wameandika sentimita 60, 80, 100 na 120. Nikachukua futi ya fundi cherehani nikapima huu wa 60. Tazameni: 35! Nikataka kurudisha mzigo siku ileile. Baadaye nikaelewa kwamba wanahesabu waya pamoja na sindano zake mbili zikishafungwa, na kampuni nyingine kubwa zinahesabu hivyohivyo, kwa hiyo hapo sikudhulumiwa. Lakini jueni mnachonunua. Maana yake ni kwamba duara dogo kabisa la seti hii ni sentimita 60, na kofia yangu ni 49. Haifikii! Vitanzi havinyooki kuzunguka duara lote. Aliyeipiga picha ya tangazo ameweka kofia juu ya mkoba, na kwa waya wa 60 kofia hiyo haifumiki kwa kuzunguka.

Mnafumaje sasa? Mnatumia waya mrefu, wa 100, na njia ninayoiita sikio. Nawaonyesha taratibu. Vitanzi vyangu 88 viko juu ya waya. Natafuta katikati, 44 huku, 44 huku. Hapo katikati nauvuta waya unatoka nje, unafanya kitu kama sikio la sungura. Nusu ya mbele naisukuma mpaka kwenye ncha ya sindano. Nusu ya nyuma inabaki inalala kwenye waya. Nafuma 44, nageuza kazi, navuta sikio lingine, nafuma 44. Mzunguko umeisha. Kwa njia hii waya mmoja mrefu unafuma kofia, soksi, hata kidole cha glavu. Ila mmeona? Kila nusu lazima ivuke kiungo kwa mkupuo. Vitanzi 44 vinaburutwa juu ya ule ukingo. Ndiyo maana kwangu kiungo ndicho seti yenyewe.

Na waya ulipofika ulikuwa umejikunja kama waya wa simu za mezani za zamani. Hilo nimelitatua, chukueni maji ya moto, yasiwe yanachemka, tumbukiza waya dakika moja, toa, unyooshe kwa mikono miwili mpaka upoe. Huu nilioshika ulikuwa vile, sasa umelala. Waya ukiwa mkaidi hilo sikio linakupiga mkononi kila ukigeuza.

Haya, tiba ya kiungo. Nilitaka video hii iwe ya kuwaambia msinunue. Nilishaiandika kichwani. Jumamosi nikajaribu mambo mawili, na msimamo wangu umelegea, mtaona wenyewe.

La kwanza, kukaza. Unaona katundu haka kwenye chuma cha waya? Kifunguo kinaingia humo. Watu wanazungusha kifunguo. Usikizungushe, kishike kitulie kama mpini, zungusha sindano. Na sindano ya chuma inateleza mkononi, kwa hiyo nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, nimekizungushia hapa, nakaza. Umesikia ilivyolia? Robo nzima ya mzunguko imeingia, na nilikuwa nadhani nimekaza! Hiyo robo ndiyo iliyokuwa inaacha mwanya. Mwanya ndio uliokuwa unakula uzi.

La pili, msasa. Si ule wa mbao. Ule laini wa maji, gereji wanapolishia magari wanao, nimenunua karatasi moja Mwanjelwa. Nimeulowesha, nasugua ukingo wa chuma cha waya nikiizunguka, dakika tatu, bila nguvu. Usiguse skrubu. Ukimaliza osha kwa sabuni, futa, usije ukapitisha uzi mweupe hapo ukatoka na weusi wa chuma. Sasa ukucha. Napitisha... bado unagota kidogo, siwadanganyi, lakini si kama mwanzo. Na huu waya wa 120 sijaugusa, ili mlinganishe. Huo. Mmeona tofauti?

Swali ni kwa nini mimi niliyelipa 48,000 ndiye nipige msasa. Hilo bado linanikera. Kazi ya dakika tatu kiwandani wameniachia mimi. Wajerumani wa addi wako kwenye kazi hii tangu 1829, na ChiaoGoo wana ule waya mwekundu wa nyuzi za chuma zilizovikwa nailoni, haujikunji kabisa. Nilishika wa mwenzangu anayeishi Uingereza alipokuja likizo, nikafuma safu nne, mkono haukutaka kuurudisha. Ila seti zao ukileta mpaka hapa ni bei ya mara kadhaa ya hii, na mtu anayeanza kuuza kofia ya 18,000 simwambii akakope. KnitPro wa India wako katikati. Nikipata ya kwao nitaileta hapa tuilinganishe kiungo kwa kiungo.

Sasa kitu ambacho kimenifanya nisiitupe. Vifuniko hivi vidogo. Juzi niko katikati ya skafu ya dada mmoja wa Tukuyu, mteja mwingine anapiga simu, anataka kofia ya mtoto, basi linaondoka kesho alfajiri. Zamani ningekuwa nimekwama, sindano ya milimita 5 iko kwenye skafu. Safari hii nilifungua sindano, nikafunga vifuniko pande zote mbili za waya, skafu ikalala na vitanzi vyake vyote. Sindano zilezile nikazivisha waya mwingine, nikafuma kofia. Kesho yake skafu ikaendelea pale ilipoishia. Kwa anayefuma kwa oda, hicho ni kitu kikubwa.

Na lile katundu la kifunguo lina kazi ya pili. Ukipitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine humo, ukifuma mzunguko mmoja, ule uzi unabaki umepita ndani ya vitanzi vyote. Ukikosea juu yake unafumua mpaka hapo, hakuna kitanzi kinachokimbia. Kabla sijaanza michoro migumu naweka uzi huo kila mizunguko kumi.

Tangazo dogo. Lile kundi la WhatsApp limejaa, nimefungua la pili, linki iko chini ya video. Mlioomba somo la bei, linakuja Alhamisi, nitaweka daftari langu wazi: uzi, saa, nauli ya bodaboda mpaka stendi, mzigo wa basi. Na nitaeleza kwa nini sianzi oda kabla ya nusu ya malipo kuingia. Bonyezeni kengele.

Kwa hiyo kununua? Kama unafuma ya kwako na watoto, huna haraka, chukua, lakini nunua na msasa. Kama una oda za wiki hii, usiitegemee ikitoka tu kwenye mkoba, jipe siku moja ya kunyoosha nyaya na kusugua viungo. Kwa uzi wa pamba mzito itakwama zaidi ya hapa, nimejaribu. Na sindano zilizo chini ya milimita 3.5 kwenye seti hii sizisifii, chuma cha waya ni kinene kuliko sindano yenyewe, uzi unapanda mlima.

Ngoja tumalize na kipimo. Hii ni kofia ya mwisho ya zile kumi na moja, inakwenda Makete. Waya niliousugua, sindano niliyoikaza kwa tyubu. Nazima muziki. Navuta sikio, nusu ya mbele, vitanzi 44, nasukuma. Nyamazeni kidogo.

Tk.

Kimoja. Nakisukuma... kinapita. Vilivyobaki vyote vimepita. Mzunguko wa pili, nusu ya kwanza... kimya. Nusu ya pili... kimya. Kutoka mara nane mpaka mara moja. Sawa, naendelea kufuma, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tuonane Alhamisi.