Nimenunua wetisuti Cape Town: haya ndiyo niliyoyaona

Kama unaishi Cape Town na umeupenda mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, nunua wetisuti, yaani vazi la mpira linalobana mwili na kukukinga na baridi ya maji, kabla ya ubao. Ubao utaukodi pale ufukwe wa Muizenberg na utaridhika nao. Wetisuti ya kukodi imeshavaliwa na watu wa kila umbo, imelegea, na ikishalegea haina kazi tena.

Vazi lenyewe halizuii maji yasiingie kabisa. Maji kidogo hupenya, yakakaa kati ya ngozi na mpira, mwili ukayapasha joto. Mpira huo, neoprini, umejaa vipovu vidogo vya gesi, na ndivyo vinavyozuia joto lisipotee. Sasa pakiwa na uwazi mgongoni au kwapani, kila wimbi linaingiza maji mapya ya baridi na kuyatoa yale uliyokwisha kuyapasha. Kwa hiyo mimi kwanza naangalia linavyokaa mwilini, halafu unene. Jina la kampuni naliweka mwisho kabisa.

Kwa sisi tuliozoea bahari ya Mombasa na Tanga, maji ya huku ni habari nyingine. Muizenberg, ndani ya ghuba ya False Bay, kiangazi cha Desemba hadi Februari maji hufika nyuzi 20 hivi, na msimu wa baridi hushuka hadi 14 au 15. Ukivuka upande wa Atlantiki, Kommetjie au Big Bay, mambo yanageuka: kiangazi ndipo maji huwa baridi zaidi! Upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na ya vilindini hupanda kushika nafasi yake. Januari mchanga unakuunguza nyayo, ukiingia majini unakuta nyuzi 12. Basi usichague unene kwa kutazama jua. Tazama ni ufukwe gani utakaokwenda.

Nilichukua 4/3, yaani milimita 4 kiwiliwilini na 3 mikononi na miguuni, kwa kuwa naingia pande zote mbili. Anayebaki Muizenberg kiangazi tu, 3/2 inamtosha.

Duka la kwanza lilitaka nilipe ndipo nijaribu, nikaondoka. La pili walinipa chumba na muda. Muuzaji akanipa mfuko wa plastiki nivae mguuni ili mguu upite bila kukwama, na kweli ukapita. Kisha akaniambia nichuchumae, nisimame, nizungushe mikono kama ninayepiga kasia. Saizi ya M ilinibana vizuri kifuani, lakini juu kidogo ya kiuno palibaki mfuko wa hewa. Niliweza kuikamata neoprini kwa vidole viwili. Mimi ni mrefu na mwembamba. Akaniletea MT, yenye kifua kilekile ila ndefu zaidi, na ule mfuko ukaisha.

Kabla ya kulipa niligeuza ndani nje nikakagua mishono. Katika zile za bei nafuu uzi unaonekana pande zote mbili, maana sindano imetoboa hadi upande wa pili, na matundu hayo hupitisha maji. Yangu vipande vimeunganishwa kwa gundi kwanza, ndipo vikashonwa bila sindano kutokeza nje. Bei inapanda, lakini kwa maji ya Atlantiki hapo usibane pesa. Zipu nimechagua ya kifuani. Kuivaa kunataka subira, ila mgongoni hapaingii maji ovyo ninapopigwa na wimbi.

Nimemaliza nayo msimu mzima wa baridi. Kifua na mgongo hubaki na joto hata nikikaa muda mrefu nikisubiri mawimbi. Kasoro yake ni shingoni: ukosi unachubua, na nisipopaka Vaseline kwanza natoka na alama nyekundu. Nikirudi nyumbani naisuuza kwa maji ya bomba yasiyo ya moto na kuikausha kivulini, nimeikunja kiunoni juu ya henga. Ukiitundika kwa mabega, uzito wa maji utayavuta.

Sasa natafuta viatu vya neoprini vya milimita 3, maana Kommetjie kinachonitoa majini siku hizi ni vidole vya miguu, si kifua.