Uzoefu wangu: gari la kukodi na dereva kwa siku nne, kutoka Mombo hadi Mtae

Mwishoni mwa Januari nilikodi gari pamoja na dereva kutoka kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, kwa safari ya kuzunguka milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Tulikuwa abiria watatu: mimi, mke wangu na mama yangu mzazi. Naandika kwa ajili ya mtu anayepanga safari kama hiyo na hajaamua kama aendeshe mwenyewe, apande basi au akodi. Dereva tuliyepewa ningemkodi tena kesho. Gari lilikuwa la wastani. Ratiba ya kampuni, ambayo nililipia kana kwamba ni huduma ya pekee, iliandaliwa na mtu ambaye nina hakika hajawahi kupanda mlima huo.

Kwanza nieleze kwa nini tulikwenda. Sisi ni watu wa Same, na kwa zaidi ya miaka 40 mama amepita Mombo, mji mdogo wa barabara kuu ambako njia ya Lushoto huanza kupanda, ndani ya basi, akienda na kurudi, akiutazama ukuta wa mlima ulio upande wa kulia kwa anayeelekea kaskazini, bila hata mara moja kuupanda. Kila mara basi linaposimama pale, abiria wa Lushoto hushuka na mizigo yao, na yeye huuliza kule juu kukoje. Safari hii ilikuwa jibu la swali hilo, na kwa hiyo nilitaka vituo vingi na mwendo wa polepole. Niliyasema hayo kwa kampuni kwa maandishi.

Ratiba niliyoletewa ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza ilitutoa Dar es Salaam hadi Lushoto, tukipitia maporomoko ya Soni na kufika mwamba wa Irente alasiri hiyo hiyo. Siku ya pili ilitupeleka Mtae na kuturudisha kabla ya chakula cha mchana, kisha tutembee katika msitu wa Magamba. Siku ya tatu tulirudi nyumbani. Mwandishi wake alikuwa amegawanya kilomita kwa mwendo wa barabara kuu, akapata nusu saa kwa kilomita 33 za kutoka Mombo hadi Lushoto, na saa moja na nusu kwa zaidi ya kilomita 60 za kutoka Lushoto hadi Mtae. Mimi nami sikuhoji, kwa kuwa namba zikishapangwa vizuri kwenye jedwali huwa zinashawishi.

Dereva alifika saa kumi na moja kasoro alfajiri, akamwamkia mama, akamwuliza kama hutapika safarini. Swali hilo lilinishtua kidogo, lakini lilikuwa la maana kuliko yote niliyoulizwa na kampuni yake. Mama alikubali kwamba kona humsumbua. Akaambiwa akae kiti cha mbele, atazame mbali badala ya kutazama ukingo wa barabara, ale kitu kikavu tu kabla ya Mombo, na chai ya maziwa aiache mpaka tufike juu. Alimpa kipande cha tangawizi mbichi alichokuwa nacho tayari ndani ya kisanduku cha gari. Mama alikitafuna kwa kukunja uso, lakini hakutapika siku zote nne.

Njia aliyoichagua ni ya Bagamoyo hadi Msata, badala ya kupita Mlandizi na Chalinze. Kwa anayetoka kaskazini mwa jiji ningeipendekeza bila kusita, kwa sababu inakuepusha na malori yanayokwenda Morogoro na mikoa ya mbali zaidi, nawe unaikuta barabara ya Segera ukiwa bado na nguvu. Kutoka Msata kwenda mbele hakuna la kusimulia isipokuwa daraja la Wami, ambalo sasa ni jipya na pana, ilhali lile la zamani lilipitisha gari moja moja huku mengine yakingoja. Vijiji ni vingi, kibao cha mwendo wa 50 kipo karibu katika kila kimoja, na askari wenye tochi za kupima mwendo hawako mbali na kibao. Dereva wetu alikuwa mtiifu kupita kiasi, jambo lililomkera mke wangu hadi tulipolipita gari dogo lililokuwa limetupita kwa mbwembwe, likiwa limesimamishwa kando. Tulinyoosha miguu Korogwe na kufika Mombo karibu na saa tano.

Pale Mombo ratiba haikuwa na kituo. Dereva alisimama kwa dakika 20. Alipima upepo wa matairi, akatazama maji ya rejeta, akagusa magurudumu kwa kiganja kuhisi kama breki zina joto, kisha akatuambia tukojoe na tununue maji, maana kule mbele hakuna pa kusimama hovyo. Ninayataja haya kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayalipia bila kujua.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya lami, na inafuata korongo kwa kupinda tangu mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni bonde, na ukingo wa barabara katika sehemu kadhaa ni mawe mafupi tu. Kwenye kona usizoziona mbele unapiga honi, unasikiliza kama utajibiwa, ndipo unaingia. Tulikutana na Coaster zikishuka zimejaa, na malori ya kabichi na karoti yanayoelekea sokoni Dar es Salaam, na kila mara dereva alijua mapema ni wapi pana nafasi ya kupishana. Kutoka joto la Mombo, penye mashamba ya mkonge, hadi Lushoto iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa hubadilika ukiwa ndani ya gari. Mama alifungua kioo, kisha akafunga, kisha akaomba khanga yake. Saa moja na robo ilipita kabla hatujafika, pamoja na kusimama Soni.

Soni nilitegemea tuone maporomoko tu, ambayo huonekana hata ukiwa barabarani. Kilichotuweka pale ni soko. Ilikuwa majira ya matunda ya baridi, na kina mama walikuwa wamepanga plamu na peasi kwa mafungu juu ya mifuko. Mama alinunua ndoo ndogo, akapatana bei kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kipare, akataniwa kwamba Wapare ni wabahili, naye akajibu kwamba Wasambaa ndio wanaojua kuuza tunda bichi kwa bei ya lililoiva. Tulikaa nusu saa. Anayepanga safari hii asikipange kituo cha Soni kwa dakika tano za kupiga picha. Njia ya Bumbuli nayo inaanzia hapo, na kama ningekuwa na siku ya tano ningeipita.

Jioni ya siku hiyo dereva aliomba kuiona ratiba yetu. Aliisoma, akaigeuza upande wa nyuma, akaandika ratiba nyingine kwa kalamu. Irente iwe jioni, karibu na machweo, kwa kuwa mchana bondeni huwa na ukungu wa vumbi na joto. Magamba iwe asubuhi, wakati kima aina ya mbega wanapokuwa karibu na njia. Mtae tulale, kwa sababu kwenda na kurudi siku moja ni kukaa ndani ya gari saa saba ili kutazama mandhari kwa dakika 40. Siku ziwe nne. Nilimpigia simu wakala wa kampuni, akakubali kuongeza siku kwa bei ile ile ya shilingi 180,000, pamoja na posho ya dereva ya kulala nje. Ilikuwa ghali kwangu, lakini ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Irente iko kilomita chache kutoka mjini, na hapo ratiba ya kalamu ilijithibitisha. Ukisimama juu ya mwamba, ardhi inaishia miguuni mwako na kuanza tena karibu mita 1,000 chini, Mazinde, ambako nyumba ni vidoti, mashamba ya mkonge ni mistari, na barabara kuu ya Arusha ni uzi. Mama alikaa chini, mbali na ukingo, akaitafuta barabara ile kwa macho mpaka akaliona basi moja likitambaa. Alisema, “Kumbe tulikuwa wadogo hivyo.” Tulikaa mpaka jua lilipoingia nyika ya Wamasai. Njiani kurudi tulinunua mkate wa ngano nyeusi, jibini na jemu katika shamba la Irente, na vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula chetu cha mchana siku iliyofuata. Ningeshauri yeyote afanye hivyo, kwa kuwa baada ya Magamba migahawa ni michache na hupika kwa kungoja mteja.

Mji wenyewe wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, tuliupitia kwa miguu kwa saa moja. Mikaratusi mirefu na majengo ya zamani yanapendeza, lakini mimi nisingeupa siku nzima.

Asubuhi ya pili tulitembea Magamba na mwongoza njia, tukaona mbega na miti ya mkulo ambayo watu wanne hawawezi kuikumbatia, kisha tukaanza safari ya Mtae. Hapa ndipo gari lilipoonyesha udhaifu wake. Nilikuwa nimeahidiwa gari la magurudumu manne yanayovuta. Swichi ya kuyavutisha yote ilikuwepo, ila haikufanya kazi. Dereva aliniambia ukweli huo kabla hatujatoka kwenye lami, akaongeza kwamba udongo ulikuwa mkavu na tungefika, lakini kama mvua ingenyesha usiku tungengoja Mtae hadi barabara ikauke. Niliheshimu kusema kwake kuliko nilivyokasirikia swichi. Barabara ni ya udongo mwekundu, inapita Lukozi, penye mboga nyingi kuliko nilizopata kuziona mahali pamoja, kisha inafuata migongo ya milima kupitia Rangwi na Sunga. Matuta ya mashamba yamepandana hadi mahali ambapo ungedhani mtu hawezi kusimama, sembuse kulima.

Karibu na Rangwi tulipata pancha. Tairi la akiba lilikuwa na upepo nusu. Jeki ilikuwepo, spana ya nati ilikuwa ya saizi nyingine. Kijana wa bodaboda alikwenda kijijini akarudi na spana na pampu ya mguu, na tukapoteza saa moja na nusu. Dereva alikiri kwamba alikabidhiwa gari usiku na hakukagua vifaa. Kampuni, nilipoilalamikia baadaye, ilisema ukaguzi ni kazi ya dereva. Mimi naona lawama ni ya wote wawili, ila mmoja wao ndiye aliyelala chini ya gari vumbini. Ukikodi gari kwa safari ya mlimani, fungua buti kabla hujalipa, uitoe spana na kuijaribu kwenye nati. Usione aibu.

Tulifika Mtae saa kumi na nusu. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba, na upande wa kaskazini mlima unakatika ghafla juu ya tambarare ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Nyumba ya wageni ilikuwa ya kawaida, yenye maji ya moto ya ndoo na blanketi mbili nzito ambazo zote tulizitumia. Alfajiri ukungu ulikuwa chini yetu kama pamba iliyotandazwa. Ulipoanza kufumuka tuliiona milima ya Pare upande wa magharibi. Kilimanjaro hakikutokea. Mama hakujali. Alisimama na kikombe cha chai ya maziwa, aliyoruhusiwa sasa, akawa anataja vilima kimoja kimoja kuelekea kwao, akikosea na kujirekebisha. Alikuwa hajawahi kuvitazama kutoka upande huu.

Kuteremka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, na ndiko kunakonifanya nimwambie mgeni wa njia hii asiendeshe mwenyewe mara ya kwanza. Dereva alishuka kwa gia ile ile aliyopandia, mara nyingi namba mbili, akigusa breki kwa ufupi tu. Kati ya Soni na Mombo tulilikuta gari dogo limesimama kando, magurudumu yakifuka moshi, mwenyewe akimwagia maji. Dereva wetu alishuka akamsihi aache maji, angoje yapoe yenyewe, kisha akakaa naye robo saa. Hiyo nayo haikuwa kwenye ratiba.

Kampuni ilinirudishia shilingi 60,000 kwa ajili ya magurudumu manne ambayo hayakuwepo, baada ya simu tatu na picha ya swichi. Kwa upande wa majira, ningeikwepa Machi hadi Mei, wakati masika huporomosha mawe na udongo barabarani, na pia wiki ya kabla ya Krismasi, wakati barabara ya Segera hujaa wanaokwenda Moshi. Juni hadi Agosti kuna baridi kali lakini udongo ni mkavu, nasi tunafikiria kurudi Julai kwa ajili ya Bumbuli. Namba ya dereva ninayo. Nilipompigia hakuniuliza tarehe wala siku ngapi, aliuliza kama mama atakuwepo, ili ajue tutasimama mara ngapi.