Opinel namba 7 mfukoni: kwa nini nimebaki na sentimita 8

Nimetumia visu vya kukunja vya Opinel vya saizi kadhaa, kuanzia namba 6 hadi namba 10, na ninachotembea nacho kila siku ni namba 7. Ubapa wake una sentimita 8. Watu wengi wanaotafuta kisu cha mfukoni huanza kwa kuuliza chuma: ni cha aina gani, kinakaa na makali muda gani, kinashika kutu au hakishiki. Ni maswali ya maana, lakini mimi naanza na urefu. Chuma kikiwa laini utakinoa. Ubapa ukizidi kipimo huna la kuufanya, na mwisho wake kisu kinabaki kwenye droo.

Opinel inamsaidia mtu anayechagua urefu kwa sababu umbo ni lilelile, saizi tu ndiyo inayobadilika. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Ufaransa, na mwaka 1897 vikapangwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 12. Namba 1 na namba 11 ziliondolewa baadaye. Namba 6 ina ubapa wa sentimita 7, namba 7 ina 8, namba 8 ina 8.5, namba 9 ina 9, namba 10 ina 10, na namba 12 ina 12. Ukivishika kimoja baada ya kingine unapima urefu peke yake, bila kuchanganywa na mpini wa plastiki huku na wa pembe kule. Namba 8 ndiyo inayojulikana zaidi, na usipotaja unachotaka, muuzaji atakupa hiyo.

Mimi nina kitalu cha miche Muheza, mkoani Tanga, kwenye machungwa yenyewe. Siku ya kawaida kisu kinafungua viroba vya mbolea, kinakata kamba za katani, kinachonga vijiti vya kuegemezea miche, kinafungua maboksi, na mchana kinakata nyanya na kitunguu cha kachumbari. Katikati ya hayo yote kinamenya machungwa, na kwangu kumenya chungwa ndio mtihani wa kweli wa kisu cha mfukoni.

Tazama mkono unavyofanya kazi. Kwa mmenyo wetu, ule wa kuvua ganda la juu na kuacha lile jeupe ili mtu akate kichwa afyonze, kisu hakisogei sana. Linalozunguka ni chungwa. Kidole gumba kinatangulia juu ya ganda, vidole vingine vinabana mpini hadi pale ubapa unapoanzia, na kazi yote inafanywa na sentimita mbili tatu za makali yaliyo karibu na mkono. Zilizobaki hadi kwenye ncha hazina kazi kwa wakati huo, lakini zipo, na zinaelekea upande wa mkono ulioshika chungwa. Kwa ubapa wa sentimita 7 au 8, ncha inaishia usawa wa ukingo wa chungwa na naiona muda wote. Kwa ubapa wa sentimita 10 ncha inavuka ng'ambo, jicho linafuata ganda huku na ncha kule, mkono unaingia woga, na ganda linatoka vipandevipande badala ya utepe mmoja mrefu unaoning'inia. Chungwa la wastani lina upana wa sentimita 7 hivi, kwa hiyo hata ukitaka kuligawa nusu, ubapa wa sentimita 8 unapita mara moja na kubaki na nafasi kidogo.

Namba 10 siidharau. Mkate mzima, nanasi, embe dodo lile refu ambalo unataka kulikata shavu lote kwa mkupuo mmoja, hapo inafanya kazi nzuri sana, na ukisafiri na familia iweke kwenye kikapu cha chakula. Tatizo lake ni mfuko. Kisu cha kukunja hulala ndani ya mpini wake, kwa hiyo kila sentimita unayoongeza kwenye ubapa inaongezeka kwenye mpini pia. Namba 10 ikikunjwa ina takriban sentimita 13, namba 8 kama 11, namba 7 kama 10. Ukiwa umesimama huoni tofauti. Chuchumaa kwenye matuta ya miche asubuhi nzima, ndipo utajua sentimita 13 za mti mfukoni zinakugusa wapi.

Upande wa pili kuna visu vidogo sana. Victorinox Classic, kile cha Uswisi chenye mkasi na kibano, kikikunjwa kina milimita 58 na ubapa wake haufiki sentimita 4. Kwa bahasha, uzi wa nguo, mfuko wa maziwa na kucha, kinatosha kabisa, na mtu wa ofisini hahitaji zaidi ya hapo. Mimi hakinitoshi, maana vidole vinakosa pa kushika, na ukikata tunda ubapa unazama wote hadi maji matamu yanaingia kwenye bawaba. Ya Uswisi inayonivutia ni ile ya milimita 91, yenye ubapa wa karibu sentimita 7. Fundi wa umeme au wa baiskeli anayehitaji bisibisi pamoja na kisu, nitamwambia achukue hiyo bila kusita.

Kuna kazi moja ambayo kisu changu cha mfukoni hakiigusi, nayo ni kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo, kijiti kilichokatwa kwenye mti mzuri, na shina la mche mwingine. Kikonyo kinataka mkato mmoja ulionyooka, wa sentimita tatu au nne, usio na mawimbi, ili kikikutana na shina vishikane vizuri. Kisu cha kubebeshea kina ubapa mfupi ulionolewa upande mmoja tu, nakifuta kwa spiriti kila ninapohama mche, na hakikati kingine chochote. Nasisitiza kwa vijana wanaoanza: kisu kilichotoka kwenye kitunguu au kwenye kiroba cha mbolea kisiende kwenye jeraha la mche.

Ukitaka kujua urefu wako mwenyewe bila rula, fungua kisu uulaze ubapa ukikingama kwenye kiganja, usawa wa pale vidole vinne vinapoanzia. Ukilingana na upana wa vidole vinne, au ukapungua kidogo, umepata kisu cha kila siku. Ukivuka hapo, hicho ni cha jikoni au cha porini. Angalia pia kwamba urefu wa ubapa na urefu wa makali ni vitu viwili. Visu vingi vina kipande kisichonolewa karibu na bawaba, na mwenye duka atakutajia namba kubwa kati ya hizo mbili. Unene nao una maana yake. Ubapa wa Opinel saizi hizi haufiki milimita 2, ndiyo maana unapita kwenye nyanya bila kuiponda. Ubapa mnene wa urefu uleule utapasua nyanya.

Kufunga nako ni lazima kwangu. Niliwahi kuwa na kisu cha bei poa, chapa sitaitaja, ambacho kizuizi chake kiliteleza nikiwa nachonga kijiti na ubapa ukanirudia kwenye vidole. Kwenye Opinel, kuanzia namba 6 kwenda juu, kuna pete ya chuma unayoizungusha kwa kidole gumba ikaukaza ubapa usirudi. Pete hiyo ilibuniwa mwaka 1955, na ya siku hizi hufunga pia kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo mtoto hakifungui kirahisi.

Ndugu zangu mlioko Uingereza, kwenu habari ni nyingine, na hili mlijue kabla ya kununua. Sheria ya huko inaruhusu kutembea na kisu bila kutoa sababu endapo tu kinakunjwa, hakina kizuizi, na makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Namba 6 yenye sentimita 7 inafaulu kwa urefu, lakini pete inaiangusha. Namba 5 haina pete na ni fupi zaidi, na ile Victorinox ya milimita 91 ubapa wake hauna kizuizi, kwa hiyo zote mbili ziko ndani ya kipimo. Kwa wasafiri wa ndege, Ulaya kikomo cha kisu ndani ya ndege ni sentimita 6, na Marekani hakiruhusiwi hata kiwe kidogo namna gani. Weka kwenye begi linalopakiwa chini, uokoe kisu chako.

Changu ni cha chuma kisichoshika kutu, kimeandikwa INOX. Kile cha chuma cha kaboni kinakubali kinoo haraka na makali yake yanapendeza, ila maji ya chungwa yanakigeuza rangi kuwa kijivu na hewa ya Tanga haina huruma nacho. Ukikichukua, kikaushe na ukipake mafuta kila jioni. Chuma chochote utakachochagua kitaliwa na kinoo kadiri unavyonoa, na ncha ndiyo inayotangulia kupungua. Hiyo nayo ni sababu ya kuchukua namba 7 badala ya namba 6: baada ya miaka ya kunolewa, sentimita 8 itakuwa imeshuka kidogo na bado itavuka chungwa zima.