Uchambuzi: Mashine ya Hewa Moto kwa Upinde Uliobaki Umejikunja

Karibuni. Hapa mezani kuna mashine ya kupuliza hewa moto, ile ya kubandulia rangi kuukuu. Leo tunaipima kwa kazi moja tu: kunyoosha upinde mrefu wa mti mmoja ambao hata ukivua upote (kamba yake) unabaki umejikunja.

Kabla hujawasha chochote, pima. Vua upote, uache upinde upumzike saa kadhaa, kisha egemeza mgongo wake (upande unaotazama shabaha) kwenye ubao ulionyooka, mshiko uguse. Tazama pengo kwenye kila ncha. Sentimita 2 au 3 ni kawaida, achana nayo. Ikifika 5 au 6, mshale unaondoka polepole.

Sasa tafuta chanzo. Mkunjo ukiwa sehemu moja tu, hapo ni dhaifu; kwangua tumbo (upande unaomtazama mpiga mshale) la sehemu ngumu za jirani, usiguse penyewe. Ukiwa umeenea mikono yote miwili ya upinde, yaani juu na chini ya mshiko, shuku unyevu. Mti wenye unyevu wa zaidi ya asilimia 12 hubonyea tumboni kila ukivutwa. Ukaushe ufike 8 hadi 10. Ukiruka hatua hii, moto utakupa upinde mzuri wa wiki mbili, basi.

Kwangua vanishi ya tumbo. Funga upinde kwa klampu, tumbo juu, kwenye kiolezo cha mbao kilichoinuka katikati na kushuka sentimita 5 kila upande. Kiasi fulani kitarudi ukifungua, ndiyo maana tunazidisha.

Na mashine? Kasi ya kwanza inapasha tu, haikomazi mti. Tumia ya pili, umbali wa sentimita 10, kipande cha sentimita 15 kwa dakika 4 au 5, mpaka tumbo liwe kahawia. Ukiona moshi, umesogea mno. Ule mdomo mwembamba bapa uache kwenye boksi, unachoma mstari mmoja. Kwenye fundo pita haraka, na mshiko uliounganishwa kwa gundi ufunike. Shika mgongo mara kwa mara: ukikauka kwa moto, utakatika ukivuta.

Udhaifu wake mkubwa ni uzito. Mkono ukichoka unashuka, na mti unaungua. Itengenezee stendi. Na kama unanunua, chukua yenye kitufe cha kurekebisha nyuzi joto. Skrini ni pambo.

Kwa pinde za miti ya hikori na elmu, naipa alama za juu.

Acha upinde kwenye klampu mpaka upoe kabisa, halafu usiufunge upote kwa siku 4 hadi 7. Umekauka kupita kiasi, lazima unyonye unyevu kidogo wa hewani. Baadaye vuta taratibu, kagua upya kama mikono inapinda sawa kwa sababu tumbo limekuwa gumu na nguvu ya kuuvuta imepanda, ndipo upake vanishi.